Bodi iko poti gani? Namna ya kuitafuta kwa arduino-cli

“Kaka, hii bodi imekufa.” Kijana kaja na Nano, bodi ndogo ya Arduino, aliyoinunua Kariakoo asubuhi hiyo hiyo, pini zake bado zimechomekwa kwenye sponji nyeusi ya dukani. Taa nyekundu inawaka. Kwenye menyu ya Arduino IDE, sehemu ya poti, ipo COM1 peke yake, na kila akijaribu kupakia programu anajibiwa kwa mistari kumi ya maandishi mekundu. Nikachomoa kebo yake, nikaiweka pembeni, nikachomeka ya kwangu. Bodi ikafufuka.

Si kila siku mambo huisha kirahisi hivyo. Ila karibu kila mara shida huwa moja kati ya mbili: kompyuta haijaiona bodi kabisa, au imeiona na mwenyewe hajui imeipa poti gani. Mara nyingi menyu ya IDE haikwambii ni ipi. Amri moja ya teminali inakwambia, na ukishajua kuisoma utaacha kubahatisha COM3, COM4, COM5 kama mtu anayejaribu funguo usiku bila tochi.

Amri yenyewe ni `arduino-cli board list`, na arduino-cli ni programu ya Arduino inayoendeshwa kwa maandishi ya teminali. Arduino IDE toleo la 2 nayo huitumia arduino-cli kwa ndani, kwa hiyo hapa hatuhami gari, tunafungua boneti tu.

Kwanza, poti ni kitu gani

Zamani poti ya siriali ilikuwa tundu la pini 9 nyuma ya kompyuta. Biti zilipita moja moja, kwa foleni. Tundu limepotea, foleni imebaki, na sasa inapita ndani ya USB. Ila maikrokontrola nyingi, yaani zile chipu zinazoendesha programu yako, hazijui USB. ATmega328P iliyo kwenye Nano haijui. ESP32 ya kwanza haijui. Kwa hiyo mtengenezaji anaweka pembeni yake chipu ya pili ambayo kazi yake ni ukalimani: upande mmoja inaongea USB na kompyuta, upande wa pili inaongea siriali na maikrokontrola. Wakalimani utakaokutana nao zaidi ni CH340, CP2102 na FT232. Uno R3 halisi ina ATmega16U2 kwa kazi hiyo. Kuna na bodi zinazojisemea zenyewe bila mkalimani, kama Leonardo, Raspberry Pi Pico na ESP32-S3.

Shika hilo la mkalimani. Nusu ya maswali yatakayokuja baadaye yanajibiwa na hilo peke yake.

Hatua ya 1: kebo

Kebo ya USB 2.0 ina nyaya nne: mbili za umeme, mbili za data. Kebo nyingi zinazokuja na pawabenki, taa za kuchaji na spika ndogo zina nyaya mbili tu za umeme. Bodi itawaka taa vizuri na kompyuta haitasikia chochote. Kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Kipimo chake ni simu. Chomeka kwenye laptopu, kwa kebo hiyo hiyo, simu yoyote yenye tundu linaloingiana nayo. Simu ikikuuliza kama unataka kuhamisha faili, kebo ina data. Ikichaji kimya kimya hata baada ya kuifungua na kuangalia mipangilio ya USB, iwekee alama au uitupe. Mimi kebo nzima nimezifunga uzi mwekundu shingoni, na hakuna anayeruhusiwa kuziazima kwenda kuchajia simu.

Hatua ya 2: kuisimika arduino-cli

Kwenye Windows, fungua PowerShell:

```
winget install ArduinoSA.CLI
```

Kwenye Mac yenye Homebrew:

```
brew install arduino-cli
```

Kwenye Linux:

```
mkdir -p $HOME/.local/bin
curl -fsSL https://raw.githubusercontent.com/arduino/arduino-cli/master/install.sh | BINDIR=$HOME/.local/bin sh
```

Ukiacha hiyo `BINDIR`, programu itawekwa kwenye folda ndogo ya `bin` pale pale uliposimama, halafu ukiita jina lake kesho utaambiwa haipo. Funga teminali, ifungue tena, kisha:

```
arduino-cli version
arduino-cli core update-index
arduino-cli core install arduino:avr
```

Mstari wa mwisho unashusha furushi la bodi za AVR, yaani Uno, Nano, Mega na ndugu zao. Kutambua poti hakuhitaji furushi hilo. Kutambua jina la bodi bila intaneti kunalihitaji, na hiyo ni tofauti kubwa kama utakavyoona.

Hatua ya 3: tazama, chomeka, tazama

Chomoa bodi. Piga amri:

```
arduino-cli board list
```

Laptopu nyingi hazitakuwa na kitu. Nyingine zitaonyesha COM1 au `/dev/ttyS0`, na Mac hupenda kuonyesha poti ya Bluetooth. Hizo ni za kompyuta yenyewe, achana nazo. Sasa chomeka bodi, hesabu mpaka tatu, rudia amri ile ile. Mstari ulioongezeka ndio bodi yako. Mbinu hii haina ufundi wowote na haijawahi kuniangusha.

Ukiwa na Uno halisi kwenye Linux utaona hivi:

```
Port         Protocol Type              Board Name  FQBN            Core
/dev/ttyACM0 serial   Serial Port (USB) Arduino Uno arduino:avr:uno arduino:avr
```

Safu ya kwanza ni anwani ya poti, ndiyo utakayoihitaji kila mahali. Safu ya tatu itazame vizuri: ikiandikwa `Serial Port (USB)`, kitu hicho kimechomekwa kwa USB, ikiwa `Serial Port` tupu, ni poti ya kompyuta yenyewe. `FQBN` ni jina kamili la bodi, lenye sehemu tatu: mtengenezaji wa furushi, familia ya chipu, na bodi.

Hatua ya 4: ukikutana na Unknown

Ile Nano ya Kariakoo, hata baada ya kebo kubadilishwa, ilipochomekwa kwenye laptopu ya Linux ilitoa hivi:

```
Port         Protocol Type              Board Name FQBN Core
/dev/ttyUSB0 serial   Serial Port (USB) Unknown
```

Kijana akasema, “Unaona? Bado ina tatizo.” Haina. Neno hilo huwatisha watu bure.

Kila kifaa cha USB kinapochomekwa hujitambulisha kwa namba mbili za heksadesimali: VID, ambayo ni ya kampuni, na PID, ambayo ni ya bidhaa. arduino-cli huchukua namba hizo na kuzitafuta kwenye faili za `boards.txt` za mafurushi uliyoyasimika, ikitafuta bodi iliyosajiliwa kwa namba hizo. Uno R3 ina 2341:0043, na hakuna bodi ya aina nyingine inayotumia namba hizo, ndiyo maana ilitajwa kwa jina. Lakini Nano yenye CH340 inasema 1A86:7523, na hizo ni namba za mkalimani. Chipu hiyo hiyo, kwa namba hizo hizo, imekaa kwenye Nano, kwenye Uno za kuiga, kwenye bodi za ESP8266 na kwenye kebo za kubadilisha USB kuwa siriali. Umepiga simu akapokea mkalimani, na wewe hujamsikia mgeni. Programu ingekutajia jina ingekuwa inabuni.

Kwa hiyo `Unknown` maana yake ni: poti ipo, inafanya kazi, nitajie wewe bodi ni ipi. Unaitaja wakati wa kupakia, basi.

Ukitaka kuziona namba zenyewe:

```
arduino-cli board list --json
```

Katikati ya maandishi utakuta:

```
"properties": {
  "pid": "0x7523",
  "serialNumber": "",
  "vid": "0x1A86"
}
```

Matoleo ya zamani yanataka `--format json` badala ya `--json`. Namba ninazokutana nazo mezani ni hizi:

```
1A86:7523   CH340       Nano na Uno za kuiga, NodeMCU nyingi
10C4:EA60   CP2102      ESP32 nyingi
0403:6001   FT232R      Nano za zamani, kebo za FTDI
2341:0043   ATmega16U2  Uno R3 halisi
2E8A:0005   RP2040      Pico yenye MicroPython
303A:1001   ESP32-S3    USB ya ndani ya chipu
```

Angalia na jina la poti kwenye Linux. Wakalimani CH340, CP2102 na FT232 huitwa `ttyUSB`, na bodi zinazofuata kanuni ya kawaida ya USB ya mawasiliano, kama Uno R3 na Pico, huitwa `ttyACM`. Ukiona `ttyACM0` mahali ulipotegemea Nano yenye CH340, huenda unaitazama bodi nyingine au hata modemu.

Hatua ya 5: mstari haukuongezeka kabisa

Kebo umeshaipima. Sasa shuka ngazi moja chini ya arduino-cli, umuulize mfumo wenyewe.

Kwenye Linux piga `lsusb` kabla na baada ya kuchomeka. Kama 1a86:7523 haionekani hata huko, shida ni ya vyuma: tundu la USB, habu, au kweli bodi. Kama inaonekana kwenye `lsusb` ila hakuna `ttyUSB0`, kuna kitu katikati kinaizuia. Chomoa, chomeka, kisha haraka:

```
sudo dmesg | tail -n 20
```

Kwenye Ubuntu 22.04 wengi tulipoteza jioni nzima hapa. Mstari mmoja unasema kibadilishi cha ch341 (ndilo jina la draiva ya CH340 kwenye Linux) kimeunganishwa na ttyUSB0. Sekunde moja baadaye mstari mwingine unamtaja `brltty`, halafu wa tatu unasema kibadilishi kimetenganishwa. brltty ni programu ya kuendesha vifaa vya Breli kwa wasioona, na baadhi ya vifaa hivyo vinatumia namba hizo hizo za 1A86:7523. Inaiona Nano yako, inadhani ni kifaa cha Breli, inaichukua. Yale yale ya mkalimani.

Kama hakuna anayetumia Breli kwenye mashine hiyo:

```
sudo apt remove brltty
```

Kama yupo, usiiondoe. Kwa huyo mwenzako hiyo ndiyo skrini. Fungua faili la `/usr/lib/udev/rules.d/85-brltty.rules`, tafuta mstari wenye `1a86/7523`, uweke alama ya `#` mbele ya kanuni yake, kisha chomeka bodi upya.

Kwenye Windows, fungua Device Manager. Kifaa chenye pembetatu ya njano kinakosa draiva. Pakua ya CH340 kutoka kwa WCH wanaoitengeneza, au ya CP210x kutoka Silicon Labs, na si kutoka tovuti ya kwanza inayokuja ukitafuta.

Kwenye Mac, kila poti ina majina mawili, moja linaanza na `tty.` na jingine `cu.`. Tumia la `cu.`. Lile la `tty.` huweza kukaa likisubiri ishara ya upande wa pili kama modemu za zamani.

Kuna bodi mbili zina visa vyao. Pico mpya kutoka boksini haina programu, na bila programu haina poti: inatokea kama diski iitwayo RPI-RP2. Mpaka uidondoshee programu yenye umbo la faili la UF2, `board list` haitakuwa na poti ya siriali ya kukuonyesha. Na ESP32-S3 zenye matundu mawili ya USB, tundu moja linapita kwa mkalimani na jingine linaingia moja kwa moja kwenye chipu. Kama la moja kwa moja limepotea kwa sababu programu uliyoipakia jana imevuruga USB, shikilia kitufe cha BOOT, bonyeza RESET mara moja, achia BOOT. Poti itarudi.

Wanaotumia Linux ndani ya Windows kwa WSL wajue kwamba vifaa vya USB havivuki kwenda huko vyenyewe. Vinavushwa kwa programu ya usbipd-win. Au simika arduino-cli ya Windows, ndivyo ninavyofanya mimi.

Hatua ya 6: ruhusa, kwa wa Linux

Jedwali linaweza kuionyesha poti vizuri kabisa, halafu upakiaji ukagoma kwa `Permission denied`. Kuiona poti ni jambo moja, kuifungua ni jingine. Kwenye Debian na Ubuntu poti hizi ni mali ya kundi la `dialout`:

```
sudo usermod -aG dialout $USER
```

Toka kwenye akaunti uingie tena. Kufunga teminali peke yake hakutoshi. Kwenye Arch kundi ni `uucp`. Utaona watu wanashauri `sudo chmod 666 /dev/ttyUSB0`. Itafanya kazi mpaka utakapochomoa, halafu utaanza upya, kila siku, milele.

Hatua ya 7: kuiacha ikitazama

```
arduino-cli board list --watch
```

Hii haimalizi. Inakaa ikisubiri, na kila ukichomeka kitu inaandika `add`, ukichomoa `remove`. Mimi huitumia kama stetoskopu. Iache inaendelea, kisha tikisa kebo taratibu pale inapoingia kwenye bodi. Mistari ya `remove` na `add` ikipishana bila wewe kuchomoa chochote, tundu la USB la bodi limelegea kwenye solda, na umeacha kulaumu programu yako kwa kosa la bati.

Ukiwa na Leonardo na ukapakia programu huku hiyo ikitazama, usishtuke. Poti itaondoka na kurudi, pengine kwa namba nyingine, maana bodi hiyo hujizima na kuwaka kama kipakiaji (programu ndogo ya kupokea programu mpya) chenye PID tofauti. Kwenye Windows hiyo huonekana kama COM5 iliyogeuka COM6 kisha ikarudi COM5.

Hatua ya 8: bodi mbili zinazofanana

Namba ya mwisho ya `ttyUSB0` ni ya foleni: wa kwanza kufika ndiye sifuri. Ukiwa na ESP32 mbili, moja ya kupima unyevu wa shamba na nyingine ya pampu, siku umeme ukikatika na kurudi zinaweza kubadilishana namba. Tazama hapa:

```
ls -l /dev/serial/by-id/
```

Majina ya humo yanatokana na namba ya pekee ya kila chipu, kwa hiyo hayabadiliki. CH340 kwa kawaida haina namba hiyo, na CP2102 za bei rahisi mara nyingi zote zinajiita 0001. Hapo hamia `/dev/serial/by-path/`, ambayo hufuata tundu la kompyuta. Ukishakubaliana na nafsi yako kwamba pampu ni tundu la kushoto, andika kwa wino wa kudumu pembeni ya tundu.

Kwenye skripti, poti ya bodi yenye CH340 naipata hivi, kwa msaada wa jq, programu ndogo ya kuchambua JSON:

```
arduino-cli board list --json | jq -r '.detected_ports[] | select(.port.properties.vid == "0x1A86") | .port.address'
```

Neno `detected_ports` lipo kuanzia toleo la 1.0, skripti za kabla ya hapo zinaanza moja kwa moja na `.[]`, na ndiyo sababu nyingi ulizozikuta mtandaoni hazifanyi kazi.

Bila Arduino kabisa

Kwa wa MicroPython (Python ya maikrokontrola) au asiyetaka arduino-cli, pyserial, maktaba ya Python ya kuongea na poti, inatosha. Kwenye Debian na Ubuntu iweke kwa `sudo apt install python3-serial`, kwingine `pip install pyserial`. Kisha:

```
python3 -m serial.tools.list_ports -v
```

```
/dev/ttyUSB0
    desc: USB Serial
    hwid: USB VID:PID=1A86:7523 LOCATION=1-2
1 ports found
```

Haijui majina ya bodi na haijifanyi kuyajua. Inakupa namba na tundu, ukamilishe mwenyewe.

Sasa pakia

Ile Nano, kwa Blink, programu ya mfano ya kupepesa taa:

```
arduino-cli compile --fqbn arduino:avr:nano Blink
arduino-cli upload -p /dev/ttyUSB0 --fqbn arduino:avr:nano Blink
```

Ikikaa inasubiri kisha ikalalamika kwamba haipati jibu la kueleweka, jaribu `arduino:avr:nano:cpu=atmega328old`. Nano nyingi za kuiga zimewekewa kipakiaji cha zamani chenye mwendo mwingine, na ya kijana wetu ilikuwa mojawapo. Taa ikaanza kupepesa.

Kusoma kinachosemwa na bodi:

```
arduino-cli monitor -p /dev/ttyUSB0 --config baudrate=9600
```

Poti hupokea mtu mmoja kwa wakati. Upakiaji ukikataa kwa kusema poti inatumika, `sudo fuser -v /dev/ttyUSB0` itakutajia programu iliyoishika, na mara tisa kati ya kumi ni monita uliyoisahau kwenye dirisha la nyuma. Na kabla ya kuchomoa bodi, ifunge monita kwa Ctrl na C. Ukichomoa ikiwa wazi, Linux inaweza kuishikilia `ttyUSB0` kwa ajili ya programu hiyo, na bodi ikirudi inapewa `ttyUSB1`.